Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki: Msuluhishi wa Somalia Ateuliwe Kabla ya Vita

Kwa Waheshimiwa Marais wa Nchi Wanachama,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUTEUA MSULUHISHI WA MGOGORO WA SHIRIKISHO LA SOMALIA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mzaliwa wa Moshi na mtunza nyaraka mstaafu. Kwa miaka mingi kazi yangu hapa Arusha ilikuwa kunakili, kupanga na kugawa makaratasi ya mikutano. Sina cheo, hakuna chama ninachokisemea, na sikutumwa na mtu. Ninawaandikia kwa sababu nchi iliyojiunga na Jumuiya yetu mwisho kuliko zote imo katika hatari ya kupasuka vipande kwa vita, na kwa sababu nimeishi karibu na meza za mapatano za mji huu muda mrefu mno kuweza kunyamaza wakati meza hizo zimekaa bila kazi.

Ninachoomba ni hiki: mteueni msuluhishi mwenye mamlaka kamili, atokaye katika nchi mwanachama isiyopakana na Somalia wala kuwa na askari ndani yake, apewe ofisi Arusha, apewe muda wa kutosha, na aungwe mkono na Umoja wa Afrika pamoja na Umoja wa Mataifa, ili akae na serikali kuu ya Mogadishu, majimbo ya Puntland na Jubaland, wapinzani walioko Mogadishu kwenyewe na, ikikubali, Somaliland iliyojitangazia kujitenga, kabla suala la nani atawale wapi halijaamuliwa kwa bunduki.

Hali ilivyo haihitaji kutiwa chumvi. Somalia mliipokea katika mkutano wenu wa tarehe 24 Novemba 2023 hapahapa Arusha, ikatia saini mkataba wa kujiunga tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, na tarehe 4 Machi 2024 ikawasilisha hati ya kuuridhia. Hazikutimia wiki nne. Tarehe 30 Machi bunge la Mogadishu lilipitisha marekebisho ya Katiba ya muda ya mwaka 2012, na kesho yake Puntland ikatangaza kwamba haiitambui tena serikali ya shirikisho. Novemba 2024 Jubaland, ambayo ilikuwa imekataa mpango mpya wa uchaguzi, ilimchagua tena Ahmed Madobe kuwa kiongozi wake; mahakama ya Mogadishu ikatoa hati ya kumkamata Madobe, mahakama ya Jubaland nayo ikatoa hati ya kumkamata Rais Hassan Sheikh Mohamud, na Jubaland ikakata uhusiano na serikali kuu. Tarehe 11 Desemba askari wa pande hizo mbili, ambao wote waliandaliwa kupambana na al-Shabaab, walipigana wao kwa wao huko Ras Kamboni, hatua chache kutoka mpaka wa Kenya. Siku hiyohiyo, mjini Ankara, Uturuki ilikuwa inazipatanisha Somalia na Ethiopia juu ya ugomvi wa njia ya Ethiopia kufika baharini. Dunia iliisikia Ankara, Ras Kamboni haikusikika. Julai 2025 yakafuata mapigano mengine Beled Hawo, mji unaotazamana na Mandera, na wananchi wakakimbilia ng'ambo ya mpaka kama walivyozoea kukimbia tangu serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991.

Nchi hiyo si ya mbali nasi. Wako Wasomali wa Arusha ambao babu zao walifika wakati wa ukoloni, wakafanya biashara ya mifugo, wakazikwa hapa. Ras Kamboni ni pwani ya Wabajuni, watu wanaosema Kiswahili cha kwao tangu enzi za mababu, na kusini ya Mogadishu upo mji wa Barawa ambako Kiswahili cha wenyeji ni cha kale kuliko hiki tunachokifundisha shuleni. Kando ya Mto Juba wako Wazigua ambao wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka Tanga na Handeni katika karne ya 19. Vita vya mwaka 1991 viliporudisha baadhi yao kama wakimbizi, wenyeji wa Handeni walielewana nao bila mkalimani, na baadaye Tanzania ikawapa uraia. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba vita vya Jubaland ni mambo ya Wasomali wenyewe aulizwe ni ndugu wa nani watakaokufa.

Nimejitahidi kuzisikiliza pande zote kwa haki. Mogadishu inasema wananchi wamechoka kuchaguliwa viongozi na wazee wa koo, na kwamba nchi haijafanya uchaguzi mkuu wa mtu mmoja kura moja tangu mwaka 1969. Hilo ni kweli, na nilifurahi kuona wakazi wa Mogadishu wakipanga foleni Desemba 2025 kuwachagua madiwani wao. Puntland na Jubaland zinasema kwamba kanuni za uchaguzi zikitungwa na upande mmoja, na tume ikiteuliwa na upande huohuo, basi kura inakuwa njia ya kuwaondoa viongozi wa majimbo ambao Mogadishu haiwapendi. Nalo hilo halina uongo ndani yake. Wala haiwezi kusemwa kwamba Puntland inaogopa kura, kwa kuwa Mei 2023 iliwapigisha watu wake kura ya moja kwa moja katika wilaya zake nyingi. Mzizi uko chini zaidi. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2012 inaipa serikali ya shirikisho mambo manne tu: mambo ya nje, ulinzi wa taifa, uraia na uhamiaji, na sera ya fedha. Mengine yote, yaani mapato ya bandari, samaki, mafuta, polisi, mahakama, inasema yatajadiliwa na kukubaliwa kati ya serikali kuu na majimbo. Miaka zaidi ya kumi imepita, na mazungumzo hayo hayajakamilika. Walijenga nyumba wakaingia kuishi kabla ya kukubaliana nani ana ufunguo wa chumba kipi.

Hapa ndipo ninapoikumbuka Eritrea. Mwaka 1952 iliunganishwa na Ethiopia katika shirikisho lililoamuliwa na Umoja wa Mataifa, ikiwa na bunge lake na bendera yake. Mwaka 1962 shirikisho hilo likafutwa na upande wenye nguvu, na hakuna msuluhishi aliyetumwa. Vita vilivyoanza huko vilichukua miaka 30. Shirikisho ni mkataba, na mkataba ukibadilishwa na mmoja, mwenzake hujiona amefunguliwa kiapo.

Lakini mfano ninaoujua kwa macho yangu ni wa Jumuiya yenyewe, ile ya kwanza iliyovunjika mwaka 1977, na ninaomba mnivumilie nikae hapo kidogo. Baba yangu alikuwa fundi wa reli Moshi. Wakati huo treni ilitoka Moshi ikapita Kahe, ikavuka Taveta, ikafika Voi, na hakuna aliyefikiri kwamba amevuka kwenda nchi nyingine. Shangazi yangu aliolewa Taveta kama mtu anavyoolewa kijiji cha pili. Februari 1977 mpaka ulifungwa. Nakumbuka baba akirudi nyumbani na kofia yake mkononi, akakaa kwenye kigoda nje ya jiko bila kuivaa wala kuiweka chini, akamwambia mama kwamba vichwa vya treni vilivyokwenda Nairobi kufanyiwa matengenezo havirudi. Hakuzungumzia siasa. Alivitaja vichwa hivyo kimoja kimoja kwa namba zake, kama mtu anayetaja majina ya waliofariki. Bibi alipofariki, shangazi hakuja msibani. Tulizika tukiwa tunautazama upande wa Taveta, na njia ipo, kipande cha saa chache kwa miguu.

Jumuiya ilikuwa na ndege, meli za Ziwa Victoria, reli, bandari, posta, maabara za utafiti, majengo ya hapa Arusha, na madeni ya kila aina. Kila nchi ilishika kilichokuwa ndani ya mipaka yake asubuhi ile. Yote yanayofanya watu wapigane yalikuwepo: mali isiyogawanywa, hasira, mpaka uliofungwa, na viongozi ambao hawakuwa wakizungumza. Ndipo akateuliwa mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Kazi yake haikuwa kumtafuta aliyeivunja Jumuiya. Alihesabu. Alipita akikagua vitabu vya hesabu vya mashirika, akathamini mali na madeni, akaziendea nchi tatu, akarudi, akaziendea tena. Katikati ya kazi yake, Oktoba 1978, Idi Amin aliivamia Kagera, na nchi mbili kati ya tatu alizokuwa anazisuluhisha zikaingia vitani; usuluhishi wa mali haukufa. Novemba 1983 mpaka ulifunguliwa, na tarehe 14 Mei 1984, hapa Arusha, nchi zote tatu zilitia saini Mkataba wa Usuluhishi: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26.

Ilichukua miaka karibu saba. Wapo walioona ni mingi. Mimi naona ndiyo miaka saba yenye thamani kuliko yote katika historia ya ukanda huu, kwa sababu ndani ya mkataba huohuo wa kugawana vitu kulikuwa na kifungu kilichozitaka nchi tatu zitafute maeneo ya kushirikiana tena, na ni kwa kuufuata uzi huo kwamba tarehe 30 Novemba 1999 Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini. Jumuiya ambayo ninyi Waheshimiwa mnaiongoza imezaliwa na talaka iliyosimamiwa vizuri. Ndiyo maana siombi msuluhishi wa kuilazimisha Somalia ibaki moja. Naomba msuluhishi wa kuhakikisha kwamba, wakibaki pamoja, wamekubaliana. Na wakiachana, wameachana kwa kalamu. Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya alipowasuluhisha Wasudani hakuwaahidi wala kuwakatalia kuachana. Aliwafikisha kwenye mapatano ya mwaka 2005 na kura ya maoni ya Januari 2011. Yaliyoharibika baadaye yaliharibikia kwenye mambo yaliyoachwa bila kumalizwa, kama eneo la mpakani la Abyei, na ndani ya Sudan Kusini yenyewe, lakini siku ya kutengana, tarehe 9 Julai 2011, majeshi mawili hayakukutana uwanjani.

Sasa tazameni upande wa pili, Yugoslavia. Kroatia na Slovenia zilitangaza uhuru tarehe 25 Juni 1991. Wazungu walikuwa na pesa, ndege, mawaziri wa kila siku, na bado walifika wakiwa wamechelewa. Vita vya Slovenia vilidumu siku kumi na kusimamishwa kwa mapatano ya Brioni tarehe 7 Julai, na wasuluhishi wakadhani kazi imekwisha kwa sababu ilikuwa rahisi mwanzoni. Mkutano wa amani wa The Hague, chini ya Lord Carrington wa Uingereza, ulifunguliwa Septemba, wakati Vukovar umekwisha kuzingirwa; mji ule ulianguka Novemba. Carrington alikuwa na mpango mzuri: jamhuri zenye uhuru wake, ushirikiano wa hiari kati yao, na ulinzi kwa watu wachache walioko ndani ya kila jamhuri. Jamhuri tano kati ya sita ziliukubali Oktoba, Serbia ikaukataa. Hata hapo mlango ulikuwa haujafungwa. Kilichoufunga ni haraka: Ujerumani ilizitambua Kroatia na Slovenia tarehe 23 Desemba 1991, kabla ya mapatano, ingawa Carrington mwenyewe alikuwa ameonya kwamba kutambua mapema kungewasha moto Bosnia. Aprili 1992 Bosnia ikawaka. Watu kama 100,000 walikufa. Srebrenica peke yake, Julai 1995, waliuawa wanaume na wavulana zaidi ya 8,000. Mkataba wa Dayton wa Novemba 1995 ulikuja kuandika, juu ya makaburi hayo, mambo ambayo mengi yake yalikwisha kujadiliwa mezani kabla vita havijaanza.

Ninaikumbusha habari hii kwa sababu tarehe 26 Desemba 2025 Israel iliitambua Somaliland. Sitaki kubishana hapa kama Somaliland inastahili. Ilitangaza kujitenga tarehe 18 Mei 1991, imejitawala tangu wakati huo, na watu wake wana madai mazito ambayo hayajapata kusikilizwa kikao hata kimoja cha haki. Ninachosema ni kwamba hadhi ya nchi ikitolewa na mtu wa nje kwa sababu zake, wa ndani hawana tena sababu ya kukaa mezani. Nani wa pili atatambua, na kwa bei gani? Uturuki ina kambi ya mafunzo ya jeshi Mogadishu tangu mwaka 2017, Falme za Kiarabu zimekuwa zikiwafadhili askari wa Puntland, na Ethiopia haijaacha kuitamani bahari. Kila jimbo lina mjomba wake wa mbali mwenye silaha. Hakuna hata mmoja kati ya wajomba hao atakayepokea wakimbizi. Watakwenda Dadaab, Mandera na Lamu, na wengine watashuka hadi kwetu.

Mtaniuliza kwa nini Arusha. Nitajibu kwa yale niliyoyaona, mazuri na mabaya, kwa kuwa mji huu una yote mawili.

Tarehe 4 Agosti 1993 serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walitia saini mkataba hapa, Mzee Ali Hassan Mwinyi akiwa mwezeshaji. Ulikuwa mkataba mzuri kwenye karatasi. Haukuwa na mlinzi wa kutosha. Miezi minane baadaye yalianza mauaji ya kimbari, na Umoja wa Mataifa, ulioshindwa kuyazuia, ulileta mahakama yake katika majengo yaleyale ya AICC, kituo cha mikutano cha Arusha, ikafanya kazi mpaka Desemba 2015. Kanali Théoneste Bagosora, aliyekuja Arusha katika ujumbe wa serikali wakati wa mazungumzo, aliletwa tena Arusha akiwa mshtakiwa. Waheshimiwa, mimi nilizipanda ngazi za jengo lile miaka yote. Kila nilipopita nilifikiri jinsi gharama ya mahakama ile, miaka 20 ya mawakili na mashahidi, ilivyokuwa kubwa kuliko gharama ya kikosi ambacho kingeulinda mkataba.

Kisha Burundi. Mwalimu Nyerere aliyaanza mazungumzo yale ya Arusha mwaka 1998, akafariki Oktoba 1999 yakiwa hayajakwisha, na Mzee Mandela akayapokea mpaka kutiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Vilikuwa vyama na makundi 19. Usiku mmoja wa mwaka ule nilinakili ukurasa uleule mara saba, kwa sababu katika kifungu cha jeshi neno moja lilikuwa linatolewa na kurudishwa, linatolewa na kurudishwa. Karatasi zilikuwa zinatoka kwenye mashine zikiwa bado za moto na zinachukuliwa mikononi mwangu kabla sijazipanga. Walikuwepo wajumbe wawili, ambao sitawataja, waliokuwa hawajasalimiana tangu siku nilipowaona mara ya kwanza. Alfajiri, kama saa kumi na moja, mmoja alikuwa anaweka alama kwenye nakala yake na kalamu ikamwishia wino. Yule mwingine akamsogezea yake mezani bila kusema neno, na hakuidai tena. Siwezi kusema amani ya Burundi ilitoka kwenye kalamu ile. Ninasema tu kwamba isingewezekana kama watu wale wasingewekwa chumba kimoja kwa muda mrefu kiasi hicho, wakachoka pamoja. Na mkataba ule ulipokuwa na upungufu, upungufu wake ulijulikana: CNDD-FDD na FNL, waliokuwa na bunduki, hawakuwa mezani, na vita viliendelea kwa miaka kadhaa mpaka nao walipoletwa.

Nimkumbuke pia Mzee Mkapa, ambaye Jumuiya ilimteua mwaka 2016 kuwasuluhisha tena Warundi. Alikuwa mtu mwenye uwezo na uzoefu. Alishiriki pamoja na Kofi Annan katika mapatano ya Kenya ya mwaka 2008. Safari hii wajumbe wa serikali ya Burundi walisusia, na kikao cha mwisho hapa Arusha mwaka 2018 kikaisha bila wao. Kosa halikuwa la Mkapa. Msuluhishi aliyetumwa na marais anahitaji marais wampigie simu mwenzao anayesusia, siku hiyohiyo, kila mara. Mkimteua wa Somalia kisha mkamwacha peke yake, ni afadhali msimteue.

Juu ya nani awe, nitasema ninavyofikiri. Kenya imebeba mzigo wa Somalia kuliko nchi yoyote ya Jumuiya. Imewapokea wakimbizi kwa miaka zaidi ya 30, na ndiko kulikofanyika mkutano mrefu wa Eldoret na Mbagathi uliozaa serikali ya mpito mwaka 2004. Lakini majeshi ya Kenya yaliingia Kismayo mwaka 2012 pamoja na wapiganaji wa Madobe, na Mogadishu haijalisahau hilo. Askari wa Uganda wamekuwa Mogadishu tangu mwaka 2007, na kwa kafara yao kubwa serikali ile ingali imesimama. Kwa sababu hiyohiyo majimbo yatawaona kama walinzi wa upande mmoja. Hii si lawama kwa nchi hizo mbili. Damu waliyoimwaga Somalia inawapa haki ya kusikilizwa, ila haiwapi nafasi ya kukaa katikati. Kwa maoni yangu Tanzania, isiyo na mpaka wala askari huko, ndiyo inayofaa zaidi kuongoza, ikiwa na wasaidizi kutoka nje ya Jumuiya wanaokubalika na Wasomali, na walau wawili kati yao wawe wanawake wanaojua mila za koo, kwa sababu mwanamke wa Kisomali huzaliwa ukoo mmoja akaolewa mwingine, na mara nyingi yeye ndiye anayejua njia ya kupitia.

Kazi ya kwanza iwe kusimamisha majeshi yasikaribiane mkoani Gedo na pwani ya Jubaland, na kufuta hati zile mbili za kukamatana, maana huwezi kumwalika mtu mezani huku umemwekea pingu mlangoni. Kisha Ibara ya 54 ifunguliwe neno kwa neno: mapato ya bandari za Kismayo, Bosaso na Mogadishu yagawanywe vipi, askari wa majimbo wawe chini ya nani, uchaguzi usimamiwe na tume iliyoteuliwaje na kwa ratiba ipi. Kuhusu muhula wa uongozi mnajua wenyewe kilichotokea Aprili 2021, pale bunge lilipomwongezea Rais wa wakati huo, Farmaajo, miaka miwili; risasi zililia mitaani Mogadishu, jeshi likagawanyika kwa koo, na siku chache baadaye bunge likalifuta azimio lake. Suala la Somaliland liwe na meza yake ya pembeni, bila masharti na bila haraka.

Kwetu Kilimanjaro mpaka wa kihamba na kihamba, yaani shamba la ukoo, hupandwa masale. Jani la mmea huohuo ndilo mtu hulishika mkononi anapokwenda kuomba radhi kwa aliyemkosea, na anayeletewa sale hamfukuzi mletaji kabla ya kumsikiliza. Baba zangu wadogo wawili waligombana juu ya migomba iliyokuwa imevuka mpaka, wakafikia kushikiana mapanga. Mzee aliyewasuluhisha hakuwauliza nani alianza. Aliwapeleka wote wawili kwenye masale, akawaambia wayang'oe yaliyopotoka na kuyapanda upya wao wenyewe, mmoja akichimba, mwingine akishindilia udongo, na jua likawakuta hapo. Mpaka ule ungalipo hadi leo na watoto wao hupeana maji ya mfereji. Nimekuwa nikiukumbuka kila ninaposikia habari za Beled Hawo.

Najua mtaambiwa kwamba kuingilia ni kuvunja heshima ya nchi mwanachama. Lakini Ibara ya 124 ya Mkataba wetu inakiri kwamba amani na usalama ni sharti la maendeleo ndani ya Jumuiya, na Somalia iliuridhia Mkataba huo wote, haikuchagua vifungu. Kumwita mwanachama na ndugu zake wazungumze si kumvunjia heshima. Mwaka 2025 mliwateua marais wastaafu watano kwa ajili ya Kongo mashariki, wakati Goma ilikuwa imekwisha kutekwa. Hapa hatujafika huko. Mtaambiwa pia kwamba adui ni al-Shabaab na mengine yasubiri. Al-Shabaab ndio watakaokuwa wa kwanza kushukuru mkisubiri, kwa kuwa kila kikosi kilichopelekwa Ras Kamboni au Gedo kupigana na Msomali mwenzake kimeondolewa mahali kilipokuwa kinawazuia wao. Na kuhusu fedha, najua michango ya nchi wanachama inachelewa na hazina ya Jumuiya ina shida. Ofisi ya watu kumi, mashine ya kunakili na tiketi za ndege haiwezi kuzidi gharama ya siku chache za vita.

Kwa hiyo naomba jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano wenu ujao wa Wakuu wa Nchi, na kabla ya hapo Baraza la Mawaziri lipeleke ujumbe Mogadishu, Garowe kwa viongozi wa Puntland, na Kismayo kwa wa Jubaland, kuuliza tu kama wako tayari kumpokea msuluhishi. Wakisema hapana, muulize tena mwezi unaofuata. Kumbi za Arusha zipo, wakalimani wapo, na wapo wazee kadhaa katika mji huu waliowahi kukesha na makaratasi ya mazungumzo ambao wangeifanya kazi hiyo tena bila kudai malipo. Mimi ni mmoja wao, na jina na anwani yangu nimeviacha Sekretarieti.

Wenu katika ujenzi wa Jumuiya,

Mtunza nyaraka mstaafu,
Moshi.